Kambi Kando ya Reli

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwaambia Wakamba wa Machakos kwamba nchi yao imejaa. Watu wamezidi, ng'ombe wamezidi, udongo umechakaa. Miaka michache baadaye serikali hiyohiyo ikawa inatafuta mahali pa kuwahifadhi Wazungu waliong'olewa makwao na vita, na mahali pakapatikana. Miongoni mwa mahali palipopatikana palikuwa Makindu, kituo cha reli katika nchi kavu ya mibuyu ambayo leo imo katika Kaunti ya Makueni. Wapolandi waliotoka Siberia kupitia Uajemi walishushwa hapo, wakalazwa na kulishwa kwa gharama ya umma, wakingoja kupelekwa kwingine.

Siandiki haya kuwalalamikia Wapolandi wale. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto waliokwisha kuzika ndugu njiani, na kuwapokea lilikuwa jambo la haki. Ninachotaka kukisimulia ni jinsi vita vilivyopiganwa mbali, vikiwa vimeanzishwa na watu ambao hawakuwahi kusikia jina la Kitui, vilivyoamua hapa kwetu nani apewe nyumba, nani atolewe nyumbani kwake, na nani apate sauti ya kuuliza kwa nini. Tulia ni mahali upande wa Kitui, na Kitui haikupitiwa na reli. Lakini katika nyumba za Tulia, kama kwingineko Ukambani, simulizi ya babu aliyevuka bahari na bunduki ya Mwingereza inajulikana, na mara nyingi husimuliwa kana kwamba ilimhusu yeye peke yake.

Simulizi hiyo ilianza mapema kuliko vita vya Burma. Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka Agosti 1914, Kitui ilikuwa na wamisionari Wajerumani wa Leipzig huko Ikutha na Mulango. Uingereza ilipigana na Ujerumani Ulaya, na mhubiri aliyekuwa akifundisha watoto kusoma chini ya mti akageuka adui. Wajerumani waliondolewa, na kituo cha Mulango kikaangukia mikononi mwa Africa Inland Mission. Familia zilizokuwa zimebatizwa Kilutheri zikaendelea na dini kwa taratibu za watu wengine, kwa sababu ya ugomvi uliokuwa Ubelgiji na Ufaransa.

Kisha wakachukuliwa wapagazi. Jeshi la Uingereza lilimfuata Mjerumani von Lettow-Vorbeck kusini kupitia Tanganyika, katika nchi yenye mbung'o ambamo punda na ng'ombe hawakuishi, kwa hiyo mizigo ikabebwa kwa vichwa vya watu. Machifu waliagizwa kutoa vijana, nao wakawatoa. Wapagazi waliokufa katika kampeni ile upande wa Waingereza wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na lishe ya posho isiyoiva vizuri, wala si kwa risasi. Mishahara ya wengi waliokufa ilibaki katika vitabu vya serikali bila kuwafikia warithi. Lakini mwaka 1919 ilipoanzishwa mipango ya kuwapa ardhi askari waliorudi vitani, ardhi hiyo ilikuwa ya Wazungu tu. Mpagazi aliyenusurika alipata kipande: karatasi ya alama za vidole ndani ya kikopo cha bati, ikivaliwa shingoni, ili mwajiri na polisi wajue ametoka wapi na anaenda wapi. Na pale Nairobi walipokuwa wakikusanywa wapagazi pakawa mtaa wa Waafrika, Kariokor. Mojawapo ya mitaa mikongwe ya Waafrika mjini ni mabaki ya kambi ya vita.

Kariokor huo ndio Wakamba walioutumia mwaka 1938. Serikali ilikuwa imeamua kupunguza mifugo ya Machakos kwa nguvu. Ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei ya chini, na kiwanda kipya cha nyama cha kampuni ya Liebig pale Athi River kilikuwa kikihitaji nyama. Hoja ya serikali haikuwa ya uongo mtupu, kwani mmomonyoko ulikuwepo na ulionekana kwa macho. Lakini Mkamba alijua kilichosababisha msongamano. Tume ya Carter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, ilikuwa imeithibitisha mipaka iliyowabana watu ndani ya rizavu huku vilima vya Mua vikibaki mikononi mwa masetla, na malisho makubwa ya Yatta yakihesabiwa kuwa mali ya Mfalme. Ukimfungia mtu uani kisha ukamlaumu kwa kuwa ua wake umekanyagwa, usitarajie akushukuru kwa ushauri.

Samuel Muindi Mbingu na wenzake wa Ukamba Members Association waliongoza zaidi ya watu 1,000, wanaume, wanawake na watoto, kwenda Nairobi kumwona Gavana Brooke-Popham. Walipiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa, wakikataa kuondoka. Hakuna aliyevunja duka wala kurusha jiwe. Mbingu alikamatwa baadaye na kupelekwa Lamu, lakini serikali ikalegeza kamba: upunguzaji wa nguvu uliachwa na ng'ombe wakarudishwa. Ujasiri wa wale watu ulifanya kazi yake. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililowasumbua wakubwa. Wakamba walikuwa uti wa mgongo wa King's African Rifles (KAR) na wengi katika polisi, na mwaka ule wa 1938 kila aliyesoma magazeti ya London aliiona vita ikija. Serikali haikutaka kuingia vitani ikiwa imegombana na baba za askari wake. Hofu ya Hitler iliwasaidia wafugaji wa Machakos kurudishiwa mitamba yao.

Wakimbizi wa kwanza wa vita vile vikubwa walikuwa wamekwisha kufika Kenya, na hawakuwa Wazungu. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, maelfu ya Wahabeshi, pamoja na Waeritrea waliolikimbia jeshi la Mussolini, walivuka mpaka wa kaskazini. Waliwekwa Isiolo, baadaye Taveta. Kwa serikali walikuwa mzigo na aibu ya kidiplomasia, maana Uingereza wakati huo ilitaka kuelewana na Italia. Mwezi Juni 1940 Italia ikaingia vitani upande wa Ujerumani, na wanaume wa kambi ile ya Taveta wakaanza kuandikishwa kwenda kupigania nchi yao. Mwezi mmoja walikuwa wageni wasiotakiwa, mwezi uliofuata washirika wa vita. Walikuwa watu walewale, na waliobadilika ni wakubwa wa Ulaya.

Sasa Wapolandi. Septemba 1939 Polandi iligawanywa: Ujerumani magharibi, Umoja wa Kisovieti mashariki. Kuanzia Februari 1940 Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya watu wa mashariki. Familia zilizoamshwa usiku zilipewa muda mfupi wa kufunga mizigo, zikasukumwa katika mabehewa ya mifugo na kupelekwa Siberia na Kazakhstan kukata miti na kulima. Juni 1941 Hitler aliwageukia Wasovieti, na mwezi uliofuata Stalin na serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni London wakatiliana saini. Wafungwa wakafunguliwa, na Jenerali Władysław Anders akaanza kuunda jeshi ndani ya Urusi. Watu walishuka kusini kwa treni na kwa miguu kulifuata jeshi hilo, maana palipo na jeshi pana chakula. Homa ya chawa iliwaua wengi. Mwaka 1942 Anders alivusha zaidi ya watu 110,000 kupitia Bahari ya Kaspi hadi Uajemi, na kati yao karibu theluthi moja walikuwa raia.

Uajemi ilikuwa imekaliwa na majeshi ya Uingereza na Urusi, na ilikuwa na njaa yake yenyewe. Wanaume wa Kipolandi wangekwenda kupigana, lakini mama na watoto waende wapi? London iliwaandikia magavana wa makoloni. Meli zikaanza kutoka Ghuba na Karachi kuja Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Kwa jumla, wakimbizi wa Kipolandi wapatao 18,000 au zaidi waliingia Afrika Mashariki na ya kusini. Tanganyika ilijenga Tengeru karibu na Arusha, iliyokuwa na watu karibu 5,000, na kambi nyingine Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Uganda ilijenga Koja kando ya Ziwa Victoria na Nyabyeya karibu na Masindi. Kenya, iliyokuwa na bandari, reli na makao makuu ya shughuli hiyo pale Nairobi, ilichukua wachache kuliko majirani: kulikuwa na kambi Rongai karibu na Nakuru, Nyali kule Mombasa, na Makindu.

Kwa nini Kenya ichukue wachache? Jibu limo katika siasa za masetla, na linastahili kutazamwa kwa karibu. Utawala wa rangi ulisimama juu ya imani kwamba Mzungu ni bwana, na imani hiyo ilihitaji kuonekana kila siku: Mzungu hapiki, habebi maji, hapangi foleni ya chakula. Mwanamke wa Kipolandi alikuja akiwa na vazi moja, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya chawa, mikono yenye sugu za shoka la Siberia. Alijua kukata kuni. Alikuwa tayari kuuza sweta alilofuma ili anunue mayai kwa jirani Mwafrika, na kuinama kulima bustani ya viazi mbele ya kila mpita njia. Masetla waliogopa kwamba Mwafrika akimtazama mwanamke huyu siku nyingi, ataanza kuuliza maswali kuhusu wale wengine. Kwa hiyo wakazi wa kambi walisimamiwa kwa kanuni za kambi.

Hata hivyo, ndani ya mipaka hiyo, walitunzwa. Tengeru ilikuwa kijiji cha nyumba ndogo za mviringo, kuta zimepakwa chokaa na paa za majani, zimepangwa safu kwa safu. Palikuwa na shule, kanisa, zahanati, karakana na makaburi. Kule Nyabyeya Wapolandi walijenga kanisa la Mama Maria Malkia wa Polandi, na lingali limesimama. Vibarua Waafrika walikata miti, wakasimamisha nyumba, wakachota maji. Mwafrika aliyejenga kambi ile aliweza kuona kwa macho yake, na pengine kwa mara ya kwanza, kwamba serikali ikitaka, inaweza kutoa makazi, shule na matibabu kwa maelfu ya watu maskini ndani ya miezi michache. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kitu kizito zaidi ambacho Wapolandi walikiacha Afrika Mashariki, ingawa hakuna aliyekikusudia.

Makindu ilikuwa ya wapitao zaidi kuliko wakaao. Reli ilifika hapo mwishoni mwa karne ya 19, na tangu mwaka 1926 Masingasinga waliotokana na wajenzi wa reli walikuwa na hekalu lao ambalo hadi leo humlisha msafiri yeyote bila malipo na bila kumuuliza dini. Sijui mahali pengine Kenya ambapo wageni wa namna tofauti hivi wamewahi kulishwa kando ya reli moja.

Huku Wapolandi wakiletwa, vijana wa Ukambani walikuwa wakipelekwa. Waafrika wapatao 98,000 kutoka Kenya walitumikia jeshi katika vita vya pili, na Wakamba walitoa wengi kuliko sehemu yao ya idadi ya watu. Waliwapiga Waitaliano Somalia na Ethiopia, kisha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapelekwa Ceylon, na mwaka 1944 ikaingia Burma wakati wa masika ya kule, ikiwafuata Wajapani katika bonde la Kabaw, ambako matope yalifika magotini na malaria iliangusha watu wengi. Disemba mwaka huo waliutwaa mji wa Kalewa ulio kando ya mto Chindwin.

Wengine hawakufika. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini kwenda Colombo ikiwa na askari wa Afrika Mashariki, wauguzi na mabaharia, jumla zaidi ya watu 1,500. Tarehe 12 mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Kijapani iliipiga kwa torpedo. Ilizama kwa muda usiozidi dakika chache. Meli za Uingereza zilizokuwa zikiilinda ziliitafuta manowari ile kwa mabomu ya majini huku walionusurika wakiwa bado wanaogelea. Walikufa watu 1,297. Wengi walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, waliopangwa kukaa chini kabisa melini. Ni maafa makubwa kuliko mengi tunayofundisha shuleni, na ni Wakenya wachache wanaoyajua.

Waliobaki nyumbani nao walikuwa vitani. Japani ilipoiteka Ufilipino na Indonesia, Uingereza ilikosa nyuzi za kutengenezea kamba za meli, na mkonge wa Afrika Mashariki ukawa bidhaa ya kijeshi. Machi 1942 kanuni za dharura ziliruhusu Waafrika kulazimishwa kufanya kazi katika mashamba yaliyotangazwa kuwa ya lazima kwa vita, na mashamba ya mkonge yalikuwa miongoni mwa hayo. Kijana ambaye hakuandikishwa jeshini angeweza kujikuta akikata mkonge kwa amri, katika koloni ambalo gavana wake alihubiri kwamba vita hivi vinapiganwa kwa ajili ya uhuru. Mwaka huohuo mvua za vuli zilishindwa, huku jeshi likinunua mahindi kwa wingi. Serikali ilianza kudhibiti mahindi na kumhakikishia setla bei nzuri kuliko aliyolipwa mkulima Mwafrika kwa gunia hilohilo. Mwaka 1943 njaa ikabisha hodi, hata ikaundwa tume ya kuchunguza upungufu wa chakula. Mambo ya bei ya gunia na nani anaipanga, ambayo wanasiasa wetu huyashikilia kila msimu wa mavuno hadi leo, yaliingia serikalini kupitia mlango ule wa vita.

Askari walirudi kuanzia mwaka 1945. Walikuwa wameona Colombo na Calcutta. Walikuwa wamelala hema moja na watu wa kabila kumi, wamejifunza kuendesha lori, kupeleka ujumbe kwa redio, kusoma na kuandika. Setla aliyetoka jeshini aliandaliwa mpango mwingine wa kumkopesha na kumpa shamba. Mwafrika aliandaliwa mafunzo Jeanes School pale Kabete, ambayo hayakuwa mabaya, na leseni ya duka au ya gari ambayo ofisi nyingi zilichelewa kuitoa. Akiba yake ililiwa na bei zilizopanda wakati wa vita.

Nairobi ilikuwa imefurika. Mitaa ya Waafrika ilijengwa kwa dhana kwamba Mwafrika ni kibarua wa muda, kijana asiye na mke, atakayerudi rizavu. Chumba kimoja Kariokor au Muthurwa kililala wanaume sita, saba. Waliokosa chumba walilala kwenye veranda za maduka. Mombasa ilikuwa na hali hiyohiyo, na mgomo mkubwa wa Januari 1947, ulioongozwa na Chege Kibachia na wenzake, ulikuwa mgomo wa mishahara na kodi za nyumba kwa wakati mmoja. Manispaa ya Nairobi ilianza kujenga mitaa mipya kama Kaloleni, yenye nyumba za familia na ukumbi wa mikutano, na katika ukumbi ule siasa za Kenya African Union zilipata masikio. Ofisa aliyesimamia mambo ya Waafrika wa jiji katika miaka ile alikuwa Thomas Askwith, Mwingereza aliyewahi kupiga makasia katika Olimpiki. Baadaye alipelekwa kuongoza Jeanes School. Askwith aliamini kwa dhati kwamba nyumba bora na elimu ya watu wazima vitaondoa manung'uniko. Nitarudi kwake.

Ukambani serikali ilitafuta jibu la msongamano nje ya rizavu. Mwaka 1946 ulianza mpango wa makazi wa Makueni, wa kuhamishia familia kutoka vilima vya Machakos vilivyosongamana hadi kwenye msitu wa miiba uliojaa mbung'o. Vibarua walifyeka vichaka ili mbung'o wakose kivuli, mabwawa yakachimbwa, viwanja vikapimwa. Watu wakakataa kwenda. Walikumbuka mwaka 1938 vizuri sana. Waliamini kwamba anayekubali kiwanja Makueni amekubali pia kwamba ardhi ya Yatta na Mua si yake, na masharti ya idadi ya ng'ombe na matuta yalinukia upunguzaji uleule. Ilichukua miaka kabla ya familia kuanza kushuka kwa wingi. Makueni ya leo, kaunti yenye maembe na ofisi zake Wote, ilitokana kwa sehemu kubwa na mradi ule uliozaliwa na hofu za baada ya vita, na nadhani wale waliokataa kwanza walikuwa na haki ya kukataa, na wale waliokubali baadaye walikuwa na haki ya kukubali.

Huko Makindu na Tengeru Wapolandi nao walikuwa wamekwama. Februari 1945 pale Yalta mataifa makubwa yaliiacha Polandi ya mashariki mikononi mwa Wasovieti. Vita vilikwisha, washindi wakasherehekea, na watu waliokuwa upande wa washindi wakawa hawana pa kurudi. Julai mwaka huo Uingereza iliacha kuitambua serikali ya Polandi iliyokuwa London. Serikali za Afrika Mashariki zilitaka waondoke, na ni wachache sana walioruhusiwa kubaki. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwapokea mwaka 1947, huku vyama vya wafanyakazi kule vikinung'unika kwamba Waingereza wenyewe hawana nyumba, na wengi wa Wapolandi wakaishia katika kambi za jeshi za mabati zilizoachwa na askari. Wengine walikwenda Kanada na Australia. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 kambi za Afrika Mashariki zilikuwa karibu tupu.

Kando ya reli hiyohiyo, nafasi ilijazwa haraka. India ilipopata uhuru mwaka 1947 na Misri ikawa haitaki tena majeshi ya kigeni, Uingereza iliamua kuhamishia akiba yake ya silaha na vifaa Mackinnon Road, katikati ya pori kati ya Voi na Mombasa. Maelfu ya watu walipata kazi ya kujenga maghala makubwa. Kisha mipango ya dunia ikabadilika tena, mradi ukaachwa, na majengo yakabaki yakipigwa na jua.

Majengo hayo hayakukaa bure. Oktoba 1952 Gavana Baring alitangaza hali ya hatari kwa sababu ya uasi wa Mau Mau. Paul Ngei, mjukuu wa mzee Masaku na mtu aliyewahi kuvaa sare ya KAR, alikamatwa pamoja na Kenyatta na kushtakiwa Kapenguria. Waingereza walikuwa wakati huo pia wanapigana na wakomunisti katika misitu ya Malesia, na batalioni ya Kenya ya KAR, yenye Wakamba wengi, ilikuwa kule. Malesia ndiko Waingereza walikojaribu njia ya kushinda vita kwa nyumba: waliwang'oa kama watu nusu milioni, wengi Wachina wenyeji wa pembezoni mwa misitu, wakawaweka katika vijiji vipya vilivyozungushiwa seng'enge, ili wapiganaji wakose chakula. Askari wa Kikamba walivijua vijiji vile. Mwaka 1953 serikali ya Kenya ilimtuma mtu Malesia kujifunza namna ya kuwarekebisha wafungwa. Mtu huyo alikuwa Askwith.

Alirudi na mawazo ya mafunzo, ushauri na kazi za mikono. Serikali ilichukua sehemu ngumu zaidi. Tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, jeshi lilizingira Nairobi na kupekua nyumba hadi nyumba. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa vitandani, wakapangwa mistari na kupitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Zaidi ya 20,000 walizuiliwa. Walipakiwa kwenye treni na kupelekwa Mackinnon Road na Manyani. Kutoka katikati ya mwaka huo hadi mwisho wa 1955, zaidi ya watu milioni moja wa Kati walihamishiwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyochimbiwa mahandaki. Nyumba zao za zamani zilichomwa. Askwith alipinga ukatili wa kambi, na mwaka 1957 akaondolewa katika kazi hiyo.

Na Wakamba? Vyumba vilivyoachwa wazi Nairobi, pamoja na kazi za ofisini na kiwandani, vilichukuliwa na wengine, Wakamba wakiwa mstari wa mbele. Serikali iliogopa kiapo cha Mau Mau kisienee kwa Wakamba wa reli na, mbaya zaidi kwake, kwa Wakamba wa jeshi, kwa hiyo fedha za mabwawa, barabara na matuta zikamiminwa Ukambani kuliko wakati wowote. Familia nyingi za Kitui na Machakos zilianza kupata wasomi na mishahara ya mjini katika miaka ileile ambayo majirani zao walikuwa nyuma ya seng'enge. Hili ni jambo ambalo sisi watu wa huku hatupendi kulitamka, lakini ni kweli. Tulipata chumba kwa sababu mwenzetu alitolewa ndani yake. Chuki za makabila zilizojitokeza wakati wa uhuru, na kila uchaguzi baadaye, zina mzizi mmoja katika chumba kile.

Baada ya uhuru Kenya iliwapokea wakimbizi wengi bila kelele. Waganda waliokimbia udikteta wa Amin waliishi na kufundisha shuleni kwetu. Ni vita vya Somalia na Sudan mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilivyorudisha kambi: Dadaab mwaka 1991, Kakuma mwaka 1992, zote mbali, zote katika nchi kavu, kwa mantiki ileile iliyowapeleka Wapolandi Makindu. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2021 imefungua mlango wa wao kuishi na kufanya kazi pamoja na wenyeji. Wenyeji wa Turkana na Garissa wanauliza nani atapewa maji, hospitali na hatimiliki kwanza, nao wana haki ya kuuliza, kama vile mkimbizi alivyo na haki ya kulala mahali salama. Swali hilohilo liko hata Ukambani: Kibwezi, mwendo mfupi kutoka ilipokuwa kambi ya Makindu, kuna familia za maskwota ambazo kesi zao za ardhi zimerithiwa kutoka kwa baba hadi mwana. Mbunge yeyote anayegombea upande ule huulizwa habari zao katika mkutano wake wa kwanza.